Papo kwa Papo

Saa nne usiku, chumba cha seva, hospitalini Malindi.
Zamani kilikuwa stoo ya magongo;
yamebaki mawili, moja nimeuzuilia mlango.

Wodi ya uzazi imechoka kunipigia simu.
"Jina la mtoto lachukua dakika nzima," asema Mbeyu.
"Mwenyewe keshanyonya, keshalala,
mtambo wenu bado wazunguka."

Nimeshika kila ninachojua kushika.
Nimechomoa kebo, nimepuliza chumvi kwenye tundu zake
(huku kwetu hata chuma hukohoa chumvi),
nimezihoji diski zote nane, moja moja,
kama mwalimu anayemsaka aliyejamba darasani.
Nzima zote. Zanitazama kwa taa za kijani.
Kusoma, zasoma mbio.
Ni kuandika tu: wiki jana megabaiti mia nne kwa sekunde,
leo kumi na moja,
kumi na moja na nusu nikibahatika.

Kisha, ndani ya ripoti za kadi inayozitawala,
mstari mmoja wa Jumanne, saa tisa na dakika sita usiku,
haukupiga kelele, haukuwasha taa nyekundu:
betri imekufa; kuanzia sasa naandika moja kwa moja.

Nikakaa juu ya kasha.

Baba alikuwa na duka Barani.
Robo ya sukari, kibaba cha unga, nusu mkate:
mtu achukua, yeye aitikia tu, "Haya,"
aweka kichwani. Foleni haikuwahi kufika barabarani.
Baada ya isha ndipo alipofungua daftari
akayamwaga yote, deni kwa deni,
wala senti haikupotea njiani.

Mwaka ule akaanza kuandika papo kwa papo.
Mteja kashika kiberiti, angoja;
baba avaa miwani, atafuta kalamu, aandika,
apuliza wino, ndipo asema, "Haya."
Tukamcheka. Mama akasema uzee umemtia uchoyo.
Watu wakahamia duka la Awadhi, pale kwenye kona.
Kumbe yeye alishajua. Kabla ya daktari, kabla yetu,
alijua kichwa hakishiki tena chaji,
na hakutaka kumwambia mtu "Haya"
kwa kitu ambacho stima ikikatika hakitakuwepo.

Daftari la mwisho ninalo mimi.
*Rukiya, andazi moja.*
Limeandikwa mara tatu, ukurasa mmoja.
Sijui nililipa lini.

Meneja apiga. "Si kuna amri ya kuilazimisha?
Jamaa wa Mombasa wasema ipo."
Ipo. Naijua. Herufi chache tu,
na kadi itarudi kusema "Haya" kabla ya kuandika,
Mbeyu atafurahi, meneja atalala,
na majina yataning'inia kwenye akiba isiyo na mlinzi
mpaka umeme wa Malindi ukwame, nao hukwama.
Jenereta yetu huamka kwa sekunde kumi na nne.
Ni kina nani watakaokuwa ndani ya sekunde hizo?

Nimeiandika amri. Nimeitazama. Nimeifuta.

"Kesho," namwambia. "Betri iko kwenye basi la asubuhi."
Si kweli. Hata kununuliwa haijanunuliwa.
Lakini ananiamini, akata simu.

Nampigia Mbeyu: andika taratibu, usifunge ukurasa.
"Huyu wa sasa wamempa jina la babu zake wote wawili,"
asema, "si bora wangengoja betri."
Twangoja pamoja, simu masikioni, hatusemi.
Kwake mtoto mwingine aanza kulia.
Kwangu diski zakwaruza, kwa zamu, bila haraka,
feni yavuta joto la Malindi na kulirudisha vilevile.

"Haya," asema Mbeyu. "Limeingia."